Picha ya simu au mtu kitini: upi uchague unapochora sura

Mezani kwangu, hapa Walukuba mjini Jinja, ipo michoro miwili ya mzee mmoja ikisubiri fremu. Wa kwanza niliuchora kwa picha niliyotumiwa na mwanawe kwa simu. Wa pili niliuchora wiki sita baadaye, mzee mwenyewe akiwa amekaa barazani kwangu kwenye kiti cha mbao, fimbo yake katikati ya magoti. Karatasi ni aina ileile, penseli zilezile, mkono ni wangu. Hata hivyo, katika mchoro wa kwanza pua imetanuka, masikio yamejificha nyuma ya mashavu, na ngozi ni weusi mtupu usio na mfupa ndani yake. Katika wa pili paji la uso linang'aa, kope la kushoto limelegea kuliko la kulia, na taya limekaza namna ya mtu aliyezoea kutoa amri. Mwanawe alipouona alinyamaza kwa muda, halafu akasema: "Huyu sasa ndiye Baba." Ule wa kwanza alikuwa ameulipia na kunishukuru, lakini neno hilo hakulisema.

Ninachora sura za watu kwa malipo mwaka wa 11 sasa, na maswali mawili huja kila wiki. Kijana anayejifunza huuliza: nianze kwa picha au nitafute mtu anikalie? Mteja huuliza: nikutumie picha au nije mwenyewe? Jibu la mmoja si jibu la mwingine, ndiyo maana naziweka njia hizi mbili sambamba hapa ili kila mtu apime kwa haja yake.

Jambo moja nilitangulize, maana mengine yote yanalizunguka. Picha ya kamera ni uso ambao tayari umekwisha kuamuliwa. Umbali umeamuliwa, kiasi cha mwanga kimeamuliwa, na kati ya dakika zote za mtu huyo imechaguliwa sehemu ndogo ya sekunde moja. Mara nyingi aliyeamua hayo ni mashine. Mtu akikaa mbele yako, maamuzi hayo ni yako. Na asiyewahi kuyafanya mwenyewe hawezi kujua, akiishika picha, ni uamuzi upi uliomharibia uso.

Sisemi kwamba wachoraji wa kweli hawagusi picha. Chuck Close wa Marekani alimaliza mwaka 1968 sura yake mwenyewe, yenye urefu wa zaidi ya mita 2.7, akiihamisha mraba kwa mraba kutoka kwenye picha. Lucian Freud wa Uingereza yeye hakutaka kitu ila mtu aliye hai: mwaka 2002 alimkalisha mchoraji mwenzake, David Hockney, kwa zaidi ya saa 100. Wote wawili wanaheshimiwa dunia nzima. Kwa hiyo tuliache suala la ukubwa wa msanii, tuangalie kila njia inakupa nini na inakunyima nini.

Umbali

Sogeza uso wako karibu na kioo mpaka ubaki upana wa kiganja, kisha ufumbe jicho moja. Pua inakuja mbele, masikio yanakimbilia nyuma. Kamera iliyo karibu huona hivyohivyo. Lenzi kuu ya simu nyingi ni pana, yaani inaona eneo kubwa kwa mara moja, sawa na ile wapiga picha wanayoiita ya milimita 24 hadi 26, na anayetaka uso ujae kwenye kioo cha simu hana budi kusogea. Mwaka 2018 madaktari wa upasuaji wa uso nchini Marekani walilipigia hesabu jambo hili: mtu akijipiga kwa umbali wa sentimita 30, pua yake, ikilinganishwa na upana wa uso, huonekana pana kwa karibu asilimia 30 zaidi kuliko akipigwa kwa umbali wa mita moja na nusu. Simu haijaharibika. Ni umbali tu, na wewe ukinakili kwa uaminifu utaunakili umbali huo pamoja na uso.

Wapiga picha za studio hupenda lenzi ya takriban milimita 85, inayoona eneo dogo, kwa sababu inawalazimisha kurudi nyuma. Mwenye simu anaweza kufanya vivyo hivyo: asimame mita mbili au zaidi, apige, kisha akate pembeni. Uso utakuwa mdogo kwenye picha lakini utakuwa wa mtu yule. Na picha ya kujipiga ina kasoro nyingine: baadhi ya simu huigeuza kama kioo. Mtu mwenyewe huipenda kwa sababu amezoea kujiona kiooni, lakini mkewe atauangalia mchoro na kusema kuna kitu hakijakaa sawa, asijue ni mwachano wa nywele uliohamia upande wa pili.

Mtu akikaa, mimi humweka mita mbili kutoka kwenye ubao wangu. Umbali huo naupima kwa hatua, kisha naweka alama za chaki kwenye miguu ya kiti na pale viatu vyake vilipo, ili akiinuka kunyoosha mgongo arudi palepale. Nanyoosha mkono, penseli ikisimama, jicho moja limefumbwa, napima: kutoka utosini hadi kwenye macho, kutoka kwenye macho hadi kidevuni. Kwa watu wazima wengi macho huwa katikati ya kichwa, na wanaoanza hushangaa sana, kwa sababu sote huyaweka juu mno na kumnyima mtu ubongo wake. Nina pia timazi, uzi tu wenye nati ya baiskeli mwishoni. Fundi wa ukuta ataitambua mara moja. Nikiuning'iniza mbele yangu naona kona ya jicho imeangukia wapi: juu ya bawa la pua, au nje kidogo? Huko ndiko kufanana kunakozaliwa, kabla hujatia kivuli hata kimoja.

Na kuna kitu ambacho picha haiwezi kukupa kabisa. Kamera ina jicho moja, wewe una mawili. Jicho la kulia linachungulia nyuma kidogo ya shavu moja, la kushoto nyuma ya shavu la pili, na akili inaunganisha. Ndiyo sababu aliyezoea watu huchora kichwa kama nazi, na aliyezoea picha tupu huchora kichwa kama sahani.

Wanaotumia picha wana gridi. Unachora miraba ya sentimita 2 juu ya picha ya A4, miraba ya sentimita 4 juu ya karatasi ya A2, kisha unahamisha mraba mmoja mmoja, kwa kuwa A2 ni A4 iliyokuzwa mara mbili kila upande. Ni njia ya haki na ya zamani, na kazi ya mteja inatoka bila wasiwasi. Hatari yake ni kwa anayejifunza. Miaka yangu miwili ya mwanzo ilikuwa ya gridi tu. Nilikuwa naweza kuchora chozi linalong'aa kwenye shavu, watu wakashangaa. Siku nilipojaribu kumchora shangazi yangu akichambua mchele, kichwa chake ameinamisha, fuvu lilinibomokea mkononi. Nilikuwa nimejifunza miraba. Kichwa nilikuwa sijajifunza.

Ngozi yetu

Hapa ndipo ninapolisemea jambo hili kwa uchungu, kwa sababu ni la kwetu sisi.

Kipimo cha mwanga cha kamera kimeundwa kikikisia kwamba kila kilicho mbele yake, kikichanganywa pamoja, ni kijivu cha wastani. Mweke mzee mwenye ngozi nyeusi, amevaa kanzu nyeupe, mbele ya ukuta uliopakwa chokaa. Kamera inaona weupe mwingi, inapunguza mwanga ili weupe usiungue, na uso unazama. Kinachobaki ni umbo jeusi lenye nukta mbili za macho. Mpeleke mtu huyohuyo mbele ya mlango wa chumba cha giza, kamera inafungua mwanga kupita kiasi na ngozi inageuka rangi ya vumbi. Enzi za filamu hali ilikuwa mbaya zaidi. Kwa miongo kadhaa maabara za kusafishia picha zilirekebisha rangi kwa kufuata kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke Mzungu, zilizojulikana kama kadi za Shirley. Uso wake ukitoka vizuri, kazi imekwisha. Ndiyo maana katika albamu za wazee wetu meno yanaonekana na kola inaonekana, lakini shavu halionekani.

Simu za sasa zinajitahidi, ila zina tabia nyingine: zinalainisha. Filta inafuta kovu la utotoni, mikunjo ya kicheko, vinyweleo vya kidevuni, na mara nyingine inapausha ngozi bila kuombwa. Mteja ananiletea uso ulioondolewa kila kitu kinachomtambulisha, kisha anataka ufanane.

Sasa mkalishe mtu huyo barazani saa tatu asubuhi. Ngozi nyeupe hujieleza kwa kivuli. Ngozi nyeusi hujieleza kwa mng'ao. Utaona mng'ao kwenye paji la uso, kwenye mfupa wa shavu, kwenye mgongo wa pua, kwenye mdomo wa chini, na ukifuata miinuko hiyo unaupata mfupa wote bila kuchora mstari. Paji la uso linachukua samawati ya mbingu. Chini ya kidevu kuna wekundu unaopanda kutoka kwenye udongo wa uani. Hakuna picha niliyowahi kutumiwa yenye wekundu ule.

Kwa kazi hii nimeacha karatasi nyeupe. Natumia karatasi ya kaki, mkaa kwa weusi, chaki nyeupe kwa mng'ao, na karatasi yenyewe inashika rangi ya katikati. Penseli, hata ile laini na nyeusi ya 6B, ukiikandamiza sana inang'aa kama bati na weusi unageuka kijivu ukiangalia kwa pembeni; mkaa unabaki mweusi. Mkaa wa jikoni usiutumie, unakwaruza. Chukua vijiti vyembamba vilivyonyooka, vimenye maganda, vikaushe, vipange ndani ya kopo la bati lenye kifuniko, toboa tundu moja dogo, weka kopo kwenye moto mpaka moshi wa tunduni uishe, halafu liache lipoe kabisa kabla ya kufungua. Ukilifungua likiwa moto utakuta majivu.

Jua la ikweta

Vitabu vingi vya uchoraji vimeandikwa Ulaya, na vyote vinasema: mkalishe mtu karibu na dirisha la kaskazini, kwa kuwa jua halifiki huko. Ni kweli kwao. Jinja na Kampala ziko chini ya nusu digrii tu kaskazini mwa ikweta. Kuanzia karibu tarehe 21 Machi hadi 23 Septemba jua letu la mchana hupita upande wa kaskazini, na miezi iliyobaki hupita kusini. Kwa hiyo dirisha la kaskazini lililokuwa zuri Desemba litakupigia jua la moja kwa moja ndani ya chumba mwezi wa Juni. Nilihangaika na hili muda mrefu nikidhani tatizo ni nyumba yangu.

Dawa ni baraza lenye paa lililotoka nje vya kutosha, au madirisha mawili unayoyabadilisha kwa majira, au shuka jeupe jepesi dirishani. Saa sita mchana usimchore mtu nje na wala usimpige picha: mwanga unashuka wima, matundu ya macho yanakuwa mashimo, pua inamwaga kivuli juu ya mdomo. Saa mbili hadi nne asubuhi, na kumi hadi kumi na mbili jioni, mwanga unaingia kwa ubavu. Lakini haungoji. Jua husogea digrii 15 kila saa, maana yake katika kipindi kimoja cha dakika 20 kivuli kimekwisha kuhama digrii 5. Mimi huchora ramani ya vivuli katika dakika kumi za mwanzo, nikaifunga hapo, nisiiguse tena hata vivuli vyenyewe vikienda wapi.

Hapo picha inashinda bila ubishi. Kivuli chake hakihami. Unaweza kuifanyia kazi saa tano usiku kwa taa ya sola, mvua ikipiga mabati, mtoto amelala.

Saa na shilingi

Kwa bei zangu mimi, kuchapisha picha ya A4 yenye rangi hugharimu shilingi 2,000. Mtu wa kunikalia, ikiwa si mteja, humpa shilingi 10,000 kwa saa pamoja na chai. Sura moja ya A3 kwa picha hunichukua jioni tano au sita. Kwa mtu hai hunichukua vipindi viwili vya saa moja na nusu, kwa mtindo wa dakika 20 za kukaa na 5 za kupumzika. Ndiyo, kwa mtu hai ni haraka zaidi, na wengi hawaniamini. Sababu ni kwamba mtu hataki kukaa milele, kwa hiyo unachora yale ya lazima tu. Picha haichoki, na wewe unajikuta unahesabu kope.

Kinachotokea mtu akikaa

Dakika tano za kwanza mtu anakupa uso wa kitambulisho. Midomo imebanwa, macho yamekodolewa, shingo imesimama. Usichore mdomo sasa. Chora fuvu, masikio, kola. Kufikia dakika ya kumi uso unashuka, na hapa lipo tatizo jipya: anasinzia. Lazima mzungumze.

Yule mzee wa barazani alikuwa mgumu kuzungumza mpaka nilipomuuliza Kiswahili chake alikipata wapi. Kiwandani, akasema. Bwawa la Owen Falls lilipofunguliwa mwaka 1954, umeme wake ulivuta viwanda hapa Jinja, na viwanda vikavuta watu wa kila kabila kutoka pande zote za Uganda, na kutoka Kenya pia. Wakakaa katika nyumba hizi za Walukuba, wakahitaji lugha ya kuombana chumvi. Yeye alifika baadaye, akapanda mpaka akawa nyapara. Alipotaja neno nyapara, taya likakaza. Halikukaza kwa hasira. Likaenda mahali pake. Nikalichora palepale, na ndilo taya ambalo mwanawe alilitambua.

Katika picha taya hilo halikuwepo, kwa kuwa aliyeipiga alikuwa amemwambia acheke.

Hii ndiyo faida kubwa ya mtu hai na ndiyo pia mzigo wake. Anasogea. Anabadilika. Mchoro unakuwa wastani wa nyuso arobaini alizokupa kwa saa tatu, na wastani huo ndio watu wa nyumbani wanaoujua. Lakini lazima uwe na adabu ya kumkalisha mtu. Msalimie kwa cheo chake: Mzee, Mama, Hajati. Usimwambie "geuza kichwa" kama fundi wa studio mwenye foleni. Mwambie unachotaka kuona na umwache ajiweke. Binti akija kukaa, mlango ubaki wazi na aje na mtu wa kwao. Na yupo atakayekataa kuchorwa uso kwa sababu ya dini yake. Umshukuru tu, usimbembeleze.

Watu wa kuchora wapo

Vijana huniambia hawana mtu wa kuwakalia. Nenda kwa kinyozi. Mteja wa kinyozi hukaa dakika 20, kichwa kimetulia kwa lazima, mwanga wa mlango ukimpiga ubavuni, na mbele yake kuna kioo kinachokuonyesha uso kutoka upande wa pili. Sijui darasa bora kuliko hilo. Mwombe kinyozi kwanza, kisha umwombe mteja, na ukimaliza umwonyeshe.

Saluni ni bora zaidi kwa kazi ndefu. Anayesukwa anaweza kukaa saa tatu au nne, na msusi humgeuza kichwa kila baada ya muda, ubavu, robo tatu, mbele. Mwombe mwanamke mmoja wa familia yako anayeijua saluni aende nawe siku ya kwanza. Baada ya hapo watakuzoea. Steji ya boda ni ya michoro ya dakika tatu: dereva ameegemea usukani, anasubiri abiria, halafu ameondoka na wewe una nusu ya kichwa. Ukifanya michoro mia ya namna hiyo mkono wako utajua kuchagua.

Na kuna njia ya tatu ambayo historia yetu wenyewe inaikumbusha. Margaret Trowell alipoanza kufundisha sanaa mwaka 1937, kazi iliyokua ikawa shule ya sanaa ya Makerere, hakuwapanga wanafunzi kuzunguka kiti cha mtu. Aliwasimulia jambo kwa maneno, nao wakachora walichokiona kichwani. Mimi sikubaliani naye kwamba uchunguzi wa macho uchelewe, lakini zoezi lake nimelichukua: mtu akishaondoka kitini, nageuza kiti kitupu na kumchora tena kwa kumbukumbu kwa dakika kumi. Ninachokumbuka ndicho nilichokiona. Nilichosahau, nilikuwa nimekinakili tu.

Basi uchague lipi

Kama unajifunza, na una chini ya mwaka mmoja, siku tatu kwa watu na siku moja kwa picha. Usigeuze hesabu hiyo hata watu wakiisifu kazi yako ya picha zaidi; wataisifu zaidi, kwa muda.

Kama wewe ni mteja na unaishi mahali ambapo unaweza kufika kwa mchoraji, nenda ukakae. Kama huna saa tatu, mpe saa moja: akuchore kidogo, kisha akupige picha mwenyewe, palepale kitini, kwa mwanga uleule na umbali uleule. Picha ya namna hii maamuzi yake yamefanywa na anayechora, na ndiyo njia ninayoitumia kwa kazi zangu nyingi sasa.

Mtoto wa chini ya miaka sita, tumia picha. Usimtese. Mgonjwa vilevile. Ndugu aliye Dubai au Juba, picha, lakini mpe masharti: asimame karibu na dirisha, anayempiga awe hatua tatu mbali, bila filta, bila mwako wa simu, asicheke kwa meno, na picha ije WhatsApp kama faili la dokumenti, maana ikitumwa kama picha ya kawaida inabanwa na ngozi inageuka madoa. Apigwe picha tano, mbele na pande zote. Ubavu hutauchora, lakini utakuambia pua imetoka kiasi gani.

Picha uliyoiona mtandaoni ya mtu usiyemjua, iache, au mwombe aliyeipiga. Uganda ina sheria ya hakimiliki ya mwaka 2006, na picha ni kazi ya mtu kama mchoro wako ulivyo kazi yako.

Marehemu

Kuna mahali ambapo hakuna kuchagua. Mtu amefariki, na familia inataka sura yake itundikwe ukutani kabla ya arobaini. Wanakuja na walichonacho, na mara nyingi ni picha ya kitambulisho yenye ukubwa wa stempu, au picha ya harusi ya mtu mwingine ambamo yeye yuko mstari wa nyuma.

Mwanzoni nilikuwa naikuza picha hiyo ndogo na kunakili kila doa. Zilitoka nyuso za ukungu. Siku moja mama mmoja alileta picha ya marehemu mumewe, ya sentimita tatu, sikio moja tu linaonekana, macho mawili meusi. Mlangoni alikuwa amesimama mdogo wake marehemu, amemsindikiza shemeji yake. Nikamwangalia na kuiangalia picha. Paji la uso lilikuwa moja. Nikamwomba, kwa heshima, kama angeweza kukaa kidogo.

Alikaa saa moja. Kwenye picha nilichukua yale ambayo ni ya marehemu peke yake: umbali kati ya macho, mdomo, ndevu zilivyokatwa. Kwa mdogo wake nilichukua namna mwanga unavyopita juu ya mfupa wa shavu, sikio linavyoungana na taya, shingo inavyoingia kwenye kola. Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka pembeni, akiniambia: hapana, shavu lake lilikuwa limekonda zaidi, hapana, nyusi za huyu ni nzito. Nikafuta, nikapunguza. Ilipofika karibu saa kumi na moja jua likaingia chini ya paa, likamwangukia yule kijana ubavuni, na mama akaacha kunielekeza. Akamwambia shemeji yake: "Usigeuke. Kaa hivyohivyo."